Vitabu vya Picha na Watoto Waliohama Jinja na Mbale



Kamati ilipotutaka sisi walimu tuandike makala ya historia katika jarida hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, huenda wengi walitazamia tusimulie tena jinsi Kiryandongo ilivyofunguliwa mwaka 1990 kuwapokea ndugu zetu wa Sudan, na jinsi makundi mengine yalivyofuata baadaye. Habari hizo wazee wanazijua kutushinda. Sisi tumeona tuandike juu ya kitu kidogo kinachokaa ndani ya sanduku la bati kwenye chumba cha walimu, yaani kitabu cha picha, na juu ya miji miwili ya mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, ambayo watoto wetu wachache walioiona wameiona kupitia dirisha la basi tu.

Sababu yetu ni hii. Watoto wengi tunaowafundisha wamezaliwa hapa hapa. Hawakuona nyumba ikiungua, wala hawakuvuka mpaka wowote. Lakini wakienda kisimani, au wakicheza mpira na shule za jirani, huitwa "wakimbizi", na neno hilo husemwa kwa namna ambayo mtoto anaelewa mara moja kuwa ametukanwa. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alituuliza kama wakimbizi ni kabila, na kama ni kabila, lugha yao inaitwaje. Wenzake hawakucheka. Walinyamaza wakisubiri jibu, na hapo tukajua kwamba swali halikuwa lake peke yake.

Tulijaribu kwanza kujibu kwa maneno. Tulisema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu anahofia kuteswa, kama unavyosema Mkataba wa mwaka 1951, na kwamba mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wale wanaokimbia vita na machafuko. Jibu hilo ni sahihi, na katika mtihani lingepata alama zote. Mtoto wa miaka kumi, hata hivyo, hashiki kitu hapo. Aliandika daftarini mwake, akafunga daftari, na kisimani kesho yake akaitwa vilevile.

Ndipo tukakumbuka mambo ya chuoni. Katika somo la historia ya elimu tulitajiwa Jan Amos Komenský, ambaye vitabu vingi humwita Comenius, mwalimu na mchungaji kutoka Moravia, sehemu ya nchi inayoitwa leo Cheki. Tulikariri kuwa mwaka 1658, mjini Nuremberg, alichapisha kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, ambacho hutajwa mara nyingi kuwa kitabu cha kwanza cha picha kilichotungwa kwa ajili ya kufundishia watoto. Kila sura ilikuwa na picha, vitu ndani ya picha vimetiwa namba, na namba hizo zinarudi ndani ya maneno ya Kilatini na Kijerumani yaliyoandikwa pamoja nayo. Mtoto anatazama kitu, anaona namba, anapata neno. Chati tunazochora na kuzitundika ukutani hadi leo zinafuata njia hiyo hiyo.

Kitu ambacho hatukukitilia maanani tulipokuwa tukikariri ni kwamba mtu huyo alikuwa mkimbizi. Mwaka 1628 yeye na waumini wenzake walilazimika kuhama kwao kwa ajili ya dini, wakaenda kukaa Leszno, katika nchi ya Poland. Mwaka 1656 mji huo nao ulichomwa vitani, akapoteza miswada aliyoifanyia kazi kwa miaka mingi. Akahamia Amsterdam, na huko akafa mwaka 1670. Kitabu chake cha picha kilichapishwa miaka miwili tu baada ya moto ule. (Tungependa wakubwa wanaotudai vyeti vilivyoungua pamoja na nyumba zetu walikumbuke hilo.)

Tulipoanza kutafuta, tuliona kuwa Komenský hakuwa peke yake. Hadithi za yule nyani mdadisi, Curious George, ambazo watoto wa nchi nyingi wanazijua, zilitungwa na Hans na Margret Rey, mume na mke Wayahudi waliotoka Paris mwezi wa Juni 1940 kwa baiskeli, muda mfupi kabla ya majeshi ya Ujerumani kuingia, wakiwa na mswada na picha katika mizigo yao. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1941. Ndani yake hakuna neno hata moja juu ya ukimbizi. Naye Judith Kerr alitoka Berlin mwaka 1933 akiwa na miaka tisa, akapita Uswisi na Ufaransa mpaka Uingereza. Mwaka 1971 alitoa kitabu kiitwacho When Hitler Stole Pink Rabbit, chenye michoro yake mwenyewe, juu ya msichana anayeambiwa achague mwanasesere mmoja tu wa kubeba, akamwacha sungura wake wa rangi ya waridi. Kerr alieleza kuwa alikiandika baada ya mwanawe, aliyekuwa ametazama sinema moja maarufu, kudhani kuwa sasa anajua utoto wa mama yake ulivyokuwa. Maelezo hayo yalitugusa. Mama ameokoka, mtoto amezaliwa mahali penye amani, na mtoto anajaza pengo kwa sinema. Hapa kambini watoto wanalijaza kwa matusi ya kisimani.

Sanduku letu la bati lina vitabu vilivyotufikia kwa njia mbalimbali, vingine vikiwa vimetoboka, kimoja hakina jalada. Tunawasomea watoto kwa Kiswahili tukitafsiri papo hapo, na mwenzetu mmoja hurudia kwa Kiarabu cha Juba, kwa sababu vyote ni vya Kiingereza. Hatutavieleza vyote. Brothers in Hope cha Mary Williams, chenye picha za R. Gregory Christie, kilitoka mwaka 2005 na kinasimulia juu ya wale wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu mpaka Ethiopia, kisha wakaishia Kakuma. Watoto wa Sudan Kusini walio katika darasa letu wanakipenda na kukiogopa. Four Feet, Two Sandals, cha mwaka 2007, kilichotungwa na Karen Lynn Williams na Khadra Mohammed, kinahusu wasichana wawili katika kambi ya Peshawar wanaogawana jozi moja ya kandambili, huyu leo, yule kesho. Hakuna aliyehitaji kuelezewa hicho. Waandishi hao hao walitoa mwaka 2009 My Name is Sangoel, juu ya mvulana wa Sudan anayefika Marekani akakuta hakuna mtu anayeweza kutamka jina lake, basi akalichora kwenye shati: jua, halafu goli la mpira, ili wasomaji wa Kiingereza walitamke sawa. Baada ya kitabu hicho tuliwaambia watoto wachore majina yao. Tukagundua kuwa watoto saba katika darasa moja wana jina moja kwenye kadi ya familia na lingine nyumbani, kwa sababu siku ya kuandikishwa aliyekuwa akiandika hakusikia vizuri na mzazi aliogopa kumsahihisha.

The Journey cha Francesca Sanna, kilichotoka mwaka 2016, ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho yetu. Mama na watoto wawili wanasafiri, baba amechukuliwa na vita, na walinzi wa mpaka wamechorwa wakubwa kama miti. Sanna alikitunga baada ya kukutana na wasichana wawili katika kituo cha wakimbizi huko Italia. Halafu kuna The Arrival cha Shaun Tan, cha mwaka 2006, ambacho hakina neno hata moja, picha tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa darasa lenye lugha tisa, kitabu kisicho na maneno ni nafuu kubwa kuliko wanavyodhani wanaopanga orodha za vitabu.

Pamoja na hayo yote, tatizo halikwisha. Watoto walisikiliza, walisikitika, kisha wakasema: hao ni watu wa mbali. Walizaliwa wakimbizi kama sisi. Yaani kitabu kilithibitisha lile wazo la kabila badala ya kuliondoa. Katika picha zote hizo, mkimbizi ni mmoja wa wale, na mwenyeji ni mmoja wa hawa. Mtoto hakuona hata ukurasa mmoja unaoonyesha mwenyeji akigeuka mkimbizi, au mkimbizi akigeuka mwenyeji. Hapo ndipo tulipoelekea Jinja na Mbale, kwa kuwa huko jambo hilo limetokea mara nyingi, mbele ya macho ya watu ambao bado wako hai.

Tuseme kwanza kwa ufupi kwamba Uganda imezoea wageni tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi Wapoland wapatao 7,000, wengi wao wanawake na watoto waliopitia Siberia na Uajemi, waliletwa kupitia Mombasa na kuwekwa katika kambi mbili, Koja kando ya Ziwa Viktoria, na Nyabyeya karibu na Masindi. Kanisa walilojenga Nyabyeya lingali limesimama. Wilaya yetu ya Kiryandongo ilikuwa sehemu ya Masindi mpaka mwaka 2010, kwa hiyo waliopata kukaa kambini katika wilaya hii kabla yetu walikuwa Wazungu. Watoto hawakuamini mpaka tulipowaonyesha picha ya kanisa lile.

Sasa Jinja. Mji huu, mahali mto Nile unapotoka ziwani, ulikua haraka baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kufunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Viwanda vikaja, hasa cha nguo, na wafanyakazi wakaja kutoka kila upande, wengi kutoka magharibi mwa Kenya, na Kiswahili kikawa lugha ya zamu za kiwandani. Jirani yake, Kakira, familia ya Madhvani ilikuwa na mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Maduka ya barabara kuu yalikuwa mengi ya Wahindi, na mpaka leo ukiinua macho juu ya milango unasoma majina ya wenye nyumba na miaka waliyojenga. Mbale, chini ya Mlima Masaba, ulikuwa mji wa pamba na kahawa, wenye sifa ya usafi kote Afrika Mashariki, na maduka yake katika mtaa wa Naboa nayo yalikuwa hivyo hivyo. Watoto wa Kihindi waliozaliwa pale walijua Luganda, Lusoga au Lumasaaba pamoja na Kigujarati cha nyumbani.

Waliotangulia kufukuzwa hawakuwa Wahindi. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliamuru wafanyakazi wa nchi za nje wasio na vibali waondoke, na maelfu ya Wakenya, wakiwemo wengi wa Jinja, walifunga virago na kurudi kupitia Busia na Malaba. Watoto wao walikuwa wamezaliwa Jinja. Walipofika Kenya waliitwa watoto wa Uganda.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipindua serikali. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa katika kambi ya jeshi Tororo, mwendo mfupi kutoka Mbale, aliwatangazia askari kuwa Wahindi wenye uraia wa Uingereza wataondoka, akaeleza kuwa alioteshwa. Wakapewa siku 90. Baadaye amri ilipanuliwa na kubadilishwa mara kadhaa, hata wenye uraia wa Uganda wakawa wanapanga foleni Kampala kuthibitisha karatasi zao, na wengi wao karatasi zikakataliwa. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Novemba 1972. Familia iliruhusiwa kuchukua pauni 50 hivi na mizigo michache. Kutoka Jinja na Mbale walisafiri kwenda Kampala na Entebbe kupanda ndege, au wakapanda treni kwenda Mombasa kutafuta meli, na njiani vizuizi vya barabarani na ukaguzi viliwapunguzia hata kile kidogo walichobeba.

Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na abiria wake wakapelekwa Stradishall, kambi ya zamani ya jeshi la anga, ambapo walilala katika mabweni na kupanga foleni ya chakula. Kanada ilipokea kama 6,000, na wa kwanza walifikia kambi ya jeshi huko Montreal. Wengine walikwenda India, na wasio na uraia wowote walipelekwa na Umoja wa Mataifa katika vituo vya Austria, Italia, Malta na kwingineko. Baraza la mji wa Leicester liliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije huko. Wengi walikwenda, na leo hakuna anayeweza kuutaja mji wa Leicester bila kuwataja.

Likizo iliyopita, walimu watatu kati yetu tulisafiri Jinja na Mbale kwa fedha zetu, tukiwa na madaftari ya kuchorea. Tulichora maghorofa ya zamani, tukaketi na wazee. Mzee mmoja wa Mbale alikuwa darasa la tano mwaka ule. Mwenzake wa dawati moja, mtoto wa muuza vitambaa, aliacha kuja shule katikati ya juma. Hakuna aliyemwambia mwalimu kama mtoto huyo ameshaondoka au bado yuko mjini, basi jina lake likaendelea kuitwa kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, na darasa zima linanyamaza, kwa majuma kadhaa. Mzee alituambia kuwa alichukua rula ya yule mwenzake, akaitumia mpaka ikavunjika, na hajui mpaka leo kama aliiba au alirithi.

Aliongeza jambo ambalo hatukulitegemea. Tulizungumza naye kwa Kiswahili, na kwa kitambo alikuwa mzito kujibu. Kisha akaeleza kuwa katika ujana wake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari penye kizuizi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa mzee huyo maneno ya kwanza aliyoyasikia kwa Kiswahili yalikuwa amri ya kushuka garini. Tunawaomba wenzetu wanaotoka Kenya na Kongo, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya mama na ya soko, wasishangae jirani wa makamo anapochelewa kuitikia salamu.

Maduka yaliyoachwa yaligawiwa maafisa wa jeshi na watu wengine, waliopachikwa jina la "mafuta mingi". Wengi hawakujua pa kununua bidhaa zilipokwisha. Sukari ikapungua katika nchi iliyokuwa ikiiuza nje, sabuni na chumvi zikaadimika, na biashara ya magendo ikashamiri, kahawa ya Bugisu ikivushwa mlimani usiku kwenda kuuzwa Kenya. Kisha zamu ikawafikia wenyeji wenyewe. Waganda kwa maelfu, wasomi, wanasiasa, waumini, walikimbia kupitia Busia na Malaba, na watu wa magharibi mwa Kenya wenye umri wa kutosha wanakumbuka walimu wa Kiganda waliowafundisha sekondari katika miaka ya 1970 na 1980. Hao walikuwa wakimbizi wakiwafundisha watoto wa wenyeji.

Mwaka 2008 njia ikageuka tena. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu walivuka Malaba na Busia wakiingia Uganda. Walilala kwanza katika shule za mpakani, kisha wakapelekwa kituo cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo huo wakahamishiwa hapa Kiryandongo. Baadhi yetu tulikuwa miongoni mwao, tukiwa vijana wa sekondari. Akina mama wa Tororo waliotuletea uji walituambia, bila kuulizwa, majina ya miji ya Kenya walikokuwa wamekimbilia wao zamani za Amin. Wahindi nao, tangu miaka ya 1980 na hasa ya 1990, baadhi yao walirudi na kurudishiwa mali zao, na kiwanda cha Kakira kikafufuka.

Mtoto akiona njia hii yote, Busia na Malaba, watu wakienda na kurudi kwa zamu, haulizi tena kabila. Lakini ataionaje? Vitabu vya watoto juu ya mwaka 1972 vipo. Shenaaz Nanji, mzaliwa wa Mombasa, alitoa Child of Dandelions mwaka 2008, na Tina Athaide, mzaliwa wa Entebbe, alitoa Orange for the Sunsets mwaka 2019, juu ya urafiki wa msichana wa Kihindi na mvulana wa Kiafrika siku zile za 90. Ni vizuri, ila ni riwaya ndefu za Kiingereza kwa vijana, na visa vyake viko Kampala na Entebbe. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, tangu mwaka 2014 unatoa bure hadithi fupi za picha katika Kiswahili, Luganda, Lumasaaba na lugha nyingine nyingi, nasi tunazitumia kila juma. Huko ndiko tulikojifunza kwamba kitabu chenye kurasa 12 na sentensi moja kila ukurasa kinatosha.

Basi tukatengeneza chetu. Tulifua magunia ya posho, tukayakata sawa, tukayashona kwa uzi wa nailoni, na wanafunzi wa darasa la sita wakachora kwa rangi iliyobaki ya kupaka milango. Kinaanza na dawati lenye watoto wawili. Halafu foleni ya karatasi, sanduku lililofunguliwa, treni, foleni ya chakula huko Stradishall ambayo watoto waliichora bila msaada wowote, wakaitia hata mtu anayejipenyeza mbele. Katikati ya kitabu yule aliyebaki kwenye dawati anakua, naye anaonekana akivuka Malaba na mtoto mgongoni. Kisha anarudi, na siku moja mtu wa kutoka Kenya anafika mlangoni kwake na mtoto mgongoni.

Kurasa mbili zilileta ugomvi, na ni haki wasomaji waujue. Wa kwanza ulikuwa wa kizuizi cha barabarani. Mwanafunzi mwenye kipaji alichora askari, bunduki, na mtu amelala chini. Mama mmoja aliyekuja kuchukua mwanawe aliuona mchoro ukutani, akamtoa mtoto darasani kwa siku tatu. Hatukumlaumu. Alisema, "Mwalimu, mimi nimefanya kazi miaka kumi ili huyu asijue, na ninyi mnamwonyesha kwa rangi." Mzazi mwingine, katika kikao, alijibu kuwa mtoto wake anajua tayari, kwa sababu anamsikia baba yake usiku akipiga kelele usingizini, na asiyeambiwa kitu hujitungia kibaya zaidi. Sisi tunaelekea upande wa huyu wa pili, lakini hatuko tayari kumfundisha mtoto kwa kumvunja mama. Wanafunzi wenyewe ndio waliopata njia: wakachora mapipa mawili, gogo lililolazwa juu yake, na barabara tupu. Hakuna mtu. Kila anayefika ukurasa huo hukaa kimya, wakubwa zaidi kuliko watoto. Mama yule alikuja, akautazama, akamrudisha mwanawe. Kuhusu kama alifurahi, hakusema.

Ukurasa wa pili ni wa duka. Watoto walichora mwenyeji akipewa funguo za duka la Mhindi, na msichana mmoja akauliza: "Huyu aliyepewa, naye ni mwizi?" Mfanyakazi mmoja wa misaada alitushauri tuuondoe, akihofia wenyeji wataudhika, na wakati huu kuna maneno ya kutosha juu ya mashamba na kuni. Tulimwomba mwalimu mwenzetu ambaye ni mzaliwa wa wilaya hii atoe rai yake. Alisema kama tutauondoa, watoto wake watadhani Wahindi waliondoka kwa hiari yao. Akaongeza kwamba nyumba tulizoziacha sisi huko tulikotoka, zina watu ndani yake sasa, na watoto wa watu hao wako shuleni leo asubuhi. Hakuna aliyemjibu. Ukurasa umebaki, na swali la msichana limeandikwa chini ya picha jinsi alivyouliza.

Kitabu hiki sasa kinasomwa Jumatano katika madarasa ya tatu hadi ya tano, na shule mbili za wenyeji zimekiazima. Watoto waliofika kutoka Khartoum tangu vita vya mwaka 2023 wanaomba kisomwe polepole, maana Kiswahili bado kinawapa taabu, nao wameanza kuandika maneno ya Kiarabu pembeni mwa magunia kwa kalamu ya wino.

Kazi haijaisha. Ukurasa wa Mulanda umechorwa mara mbili na kufutwa, kwa kuwa sisi tuliokuwepo tunabishana kama mahema yalikuwa meupe au ya buluu, na kama ule mwembe mkubwa ulikuwa upande wa barabara au upande wa choo. Wote waliopita Mulanda mwaka 2008, na hasa akina mama waliopika pale, wanaombwa kufika chumba cha walimu siku ya Jumanne au Alhamisi baada ya saa kumi. Mwenye picha ya zamani aje nayo, itanakiliwa mbele yake na atarudi nayo nyumbani. Magunia safi na uzi pia vitapokelewa.